Waya wa Lehemu Uchaguliwe Kabla ya Pasi

Kamusi hutupa neno lehemu, lakini fundi redio anapotaka ule waya laini wa kuungia vifaa kwenye bodi, mara nyingi husema risasi. Jina hilo limezoeleka mdomoni, na kwa kuzoeleka limeficha jambo la msingi: katika waya mzuri wa kazi za elektroniki, risasi ndiyo iliyo chache. Roli lililoandikwa 63/37 lina gramu 63 za bati katika kila gramu 100 za metali yake, na risasi ni gramu 37 tu. Tena bati ndilo lifanyalo kazi ya kuunga. Likiyeyuka juu ya shaba safi, huumana nayo na kuzaa tabaka jembamba la mchanganyiko mpya, na tabaka hilo ndilo kiungo chenyewe. Risasi peke yake haiumani na shaba hivyo. Imo ndani ya waya ili kushusha joto la kuyeyukia na kupunguza gharama. Kwa hiyo mtu anayeingia dukani na kuomba risasi bila kusoma maandishi ya roli anaweza kupewa kile hasa alichokitaja, yaani waya uliojaa risasi kuliko bati, kisha akahangaika miezi kadhaa akidhani mkono wake ndio mzito.

Wanaoanza kujifunza elektroniki nyumbani, wawe wanafunzi wanaounda redio ndogo au watu wazima wanaotengeneza chaja na taa za sola, karibu wote huanza kwa kuuliza wanunue pasi gani. Swali hilo ni la haki, lakini limetangulia lingine ambalo lina uzito zaidi. Pasi hutoa joto tu. Kinachobaki kwenye bodi baada ya pasi kuzimwa ni waya ulioyeyuka pamoja na flaksi, dawa ya kusafishia shaba iliyokuwa ndani yake, na hivyo viwili ndivyo vitakavyoamua kama kifaa kitafanya kazi mwakani. Fundi mzuri mwenye pasi ya bei nafuu na waya wa uhakika atatoa kiungo safi. Mpe pasi ya bei kubwa na waya mbovu, naye atashindwa.

Ubovu wa waya una sababu ya kiuchumi. Katika soko la dunia, kwa miaka ya karibuni, tani moja ya bati imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya mara 10 ya bei ya tani ya risasi. Sisi wa ukanda huu tunalijua bati hata kama hatulitambui likiwa limevutwa kuwa waya: huchimbwa Kyerwa mkoani Kagera, huchimbwa Rutongo nchini Rwanda, na mgodi wa Bisie huko Walikale, Kivu ya Kaskazini, unasifika kwa mawe yenye bati jingi kupindukia. Karibu nusu ya bati lote linalotumika duniani huishia kwenye lehemu. Penye metali ghali inayochanganywa na metali rahisi, na jicho la mnunuzi lisiweze kuzitofautisha, kishawishi cha kupunja hakikosekani. Roli likiandikwa 60/40 huku ndani mna bati robo tu, aliyelitengeneza amefaidi, na aliyelinunua hana mizani ya kumbaini.

Madhara ya kupunjwa huko yanaeleweka vizuri mtu akijua kwa nini namba 63 ilichaguliwa. Bati safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 232 za Selsiasi, na risasi safi kwenye 327. Mtu angetarajia mchanganyiko wa hizo mbili uyeyuke mahali fulani katikati, lakini maumbile hayakupanga hivyo. Zikichanganywa kwa uwiano wa 63 kwa 37, huyeyuka kwenye nyuzijoto 183, chini ya zote mbili, na tena huyeyuka zote kwa mara moja. Ukitoka kwenye uwiano huo, pengo hujitokeza kati ya joto ambalo mchanganyiko huanza kulainika na joto ambalo umekuwa maji kabisa. Kwa waya wa 60/40 pengo ni dogo, kati ya 183 na 190 hivi, na ndiyo maana waya huo umetumika miaka mingi bila malalamiko. Kwa waya wenye asilimia 40 tu za bati, pengo hufika hadi nyuzijoto 238. Ndani ya pengo hilo lehemu si maji na si jiwe. Ni kama uji unaoganda. Mguu wa transista ukitikisika wakati lehemu iko katika hali ya uji, kiungo hupasuka ndani kwa ndani, kikabaki na uso wa kijivu wenye chembechembe, na umeme ukawa unapita leo na kukatika kesho. Mafundi hukiita kiungo baridi. Anayeanza, ambaye bado mkono wake hautulii, ndiye anayehitaji kuliko wote waya usiopita katika uji huo. Ndiyo sababu ya kumshauri achukue 63/37 hata kama 60/40 iko karibu yake kwenye rafu na ina jina kubwa zaidi.

Sifa hiyo hiyo hutupa kipimo kisichohitaji maabara. Yeyusha tone la waya kwenye ncha ya pasi, lidondoshe juu ya kipande cha kigae, ulitazame kwa makini. Tone la 63/37 ya kweli hubaki likimeremeta kama kioo, halafu huganda ghafla, karibu lote kwa pamoja, na kubaki na mng'ao. Tone la waya uliopunjwa huanza kuchuja rangi polepole, uso ukapata kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na ukiligusa kwa kijiti wakati huo hukokoteka. Uzito nao husaidia, kwa kuwa risasi ni nzito kuliko bati kwa zaidi ya nusu: maroli mawili ya unene na urefu mmoja, lililo zito zaidi lina risasi zaidi. Kipimo cha tatu ni moshi. Waya wa elektroniki una mfereji katikati uliojazwa flaksi, na unapoyeyuka lazima utoe moshi mwepesi wenye harufu ya utomvu. Usipotoa chochote, mfereji huo hauna kitu, na waya huo haufai kwa bodi hata kama metali yake ni halali.

Pingamizi la kwanza huwa ni bei, na hapa hesabu ndogo inatosha. Gramu 100 za waya wa unene wa milimita 0.8 hunyooka kwa zaidi ya mita 20. Kiungo cha kawaida cha rezista au kapasita kinakula milimita 5 hivi. Roli moja dogo, kwa hiyo, linatoa viungo zaidi ya 4,000, na anayefanya kazi hii wikiendi tu anaweza kukaa nalo miaka. Tofauti ya bei kati ya roli bovu na roli zuri, ikigawanywa kwa viungo hivyo vyote, haifiki hata bei ya rezista moja kwa kila bodi. Kuhusu unene wenyewe hakuna haja ya maneno mengi: milimita 0.8 inafaa kazi nyingi za mwanzo, 0.5 kwa vijenzi vidogo vinavyolala juu ya bodi, na milimita 1 au zaidi kwa nyaya nene za betri. Waya mnene kwenye pedi ndogo humwaga lehemu nyingi kuliko inavyotakiwa, na ikishamwagika imeunganisha njia mbili zisizopaswa kukutana.

Sasa tuje kwenye flaksi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa jambo lote na ndiyo isiyoulizwa dukani. Shaba ikikaa hewani hupata utando wa oksidi, na inapopashwa joto utando huo hukua haraka zaidi. Bati lililoyeyuka haliwezi kuupenya. Hujikunja kuwa mpira na kuteleza juu yake kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Kazi ya flaksi ni kuula utando huo kwa dakika ileile ya kuunga na kuifunika shaba isishikwe na hewa tena mpaka bati lifike. Flaksi ya asili ya kazi hii ni rozini, utomvu wa msonobari uliochemshwa mafuta yake yakatoka, ukabaki mgumu wa rangi ya asali. Tanzania inao utomvu huo: katika msitu wa kupandwa wa Sao Hill, wilayani Mufindi, misonobari hukwanguliwa na utomvu wake kukingwa. Ubora wa rozini uko katika tabia yake ya pande mbili. Ikiwa ya moto, asidi zilizomo ndani yake huamka na kuula oksidi. Ikipoa, hugeuka kuwa kitu kigumu kama kioo, kisichopitisha umeme na kisichoidhuru shaba. Kwa sababu hiyo mabaki yake yanaweza kuachwa kwenye bodi bila hofu, ingawa kuyafuta hupendeza na hurahisisha ukaguzi.

Pale ambapo fundi wa mtaani na mwandishi wa vitabu vya elektroniki hutofautiana ni juu ya asidi. Wapo mafundi wanaotumia pesti ya mabomba, au asidi ile ya fundi wa mabati, na kazi zao zinaonekana kung'aa kuliko za mtu wa rozini. Wanasema: mbona redio inaimba? Hoja yao isipuuzwe, kwa maana wameona kwa macho yao lehemu ikishika mahali ambapo rozini ilishindwa. Ni kweli kwamba kloridi ya zinki iliyomo katika dawa hizo huula oksidi kwa nguvu kubwa. Fundi anayeunga koroboi kwa bati la mabati anaihitaji, kwani zinki na chuma kilichoanza kutu havitii rozini. Ila chumvi hiyo haitulii ikipoa. Hunyonya unyevu kutoka hewani, na ikishalowa hupitisha umeme na kuendelea kuila shaba. Koroboi lenye bati nene huoshwa kwa maji na kuvumilia. Njia ya shaba kwenye bodi ni nyembamba kuliko unywele, na chini ya vijenzi kuna nafasi ambazo maji ya kuoshea hayafiki. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hewa ina maji mwaka mzima, kasi ya ulaji huo huongezeka. Redio itaimba wiki ya kwanza, bila shaka. Ikirudi baada ya miezi sita na ukungu wa kijani kwenye viungo, fundi atasema imeharibika tena, na hatakumbuka pesti aliyoipaka. Shaba ikigoma kushika kwa rozini, dawa yake ni kuisugua kwa kifutio kigumu au msasa laini na kuongeza rozini zaidi. Ukiona kopo limeandikwa ni la mabomba, au limetaja kloridi ya zinki, liache palepale.

Kuna kosa jingine la flaksi ambalo halitokani na dukani bali na mkono, nalo limeenea mno. Mtu huyeyusha waya kwenye ncha ya pasi, kisha huubeba mzigo huo wa lehemu hadi kwenye kiungo. Safari hiyo ya sekunde mbili au tatu inatosha kuichoma flaksi yote kwa moshi, na lehemu hufika kwenye shaba ikiwa uchi. Utaratibu ulio sahihi ni kuzipasha joto shaba na mguu wa kijenzi kwa pamoja, kisha kuugusisha waya kwenye kiungo chenyewe, ili flaksi itoke mahali inapohitajika. Wengi wanaolalamikia waya wangeridhika nao kama wangebadili mpangilio huu tu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la afya. Risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Pwani yetu ina ushahidi wake. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichafua makazi ya watu kwa risasi. Phyllis Omido, aliyeongoza kampeni ya kukipinga, alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Umoja wa Ulaya nao ulishapiga hatua: tangu Julai 1, 2006, vifaa vingi vya elektroniki vinavyouzwa huko haviruhusiwi kuwa na risasi zaidi ya asilimia 0.1 katika malighafi yake. Mtu akiuliza kwa nini basi mwandishi huyu anampa mwanafunzi waya wenye risasi asilimia 37, anauliza vizuri.

Jibu linaanza na kujua sumu inapitia wapi. Risasi huchemka kwenye nyuzijoto 1,749. Pasi ya kulehemu hufanya kazi kati ya 320 na 380. Katika joto hilo, risasi inayopanda hewani ni chache mno hata haifai kuhesabiwa. Moshi unaouona ni wa flaksi, na una madhara yake wenyewe: moshi wa rozini unajulikana kusababisha pumu kwa wanaouvuta siku baada ya siku, uwe waya una risasi au hauna. Kwa hiyo dirisha lifunguliwe na feni ndogo iuvute moshi mbali na uso, katika hali zote. Risasi yenyewe hupita kwa vidole. Waya ukishikwa huacha chembe kwenye ngozi, ngozi ikashika andazi, andazi likaenda tumboni. Tofauti na kiwanda cha betri kinachoyeyusha tani kwa tani na kutoa vumbi, roli la gramu 100 linadhibitika kwa kanuni chache: kutokula wala kunywa mezani pa kazi, kutoshika waya kwa meno, kunawa mikono kwa sabuni kabla ya jambo lolote lingine, kufuta meza kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, na kukusanya matone yaliyoanguka ndani ya kopo lenye kifuniko. Waya huo usitumike kamwe kuziba birika, bomba wala tangi la maji ya kunywa. Marekani ilipiga marufuku lehemu yenye risasi kwenye mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986, na sababu yake haina mpaka wa nchi.

Hata hivyo kanuni hizo zina mahali zinaposhindwa, na ni lazima kukiri. Nyumba ambayo meza ya kazi ndiyo meza ya kulia chakula, au ambayo mtoto anayetambaa hufika chini ya kiti cha fundi, si mahali pa risasi. Klabu ya sayansi ya shule ya msingi vilevile. Hapo chaguo ni waya wa bati asilimia 99.3 na shaba asilimia 0.7, unaoyeyuka kwenye nyuzijoto 227, au ule wenye asilimia 3 za fedha na nusu asilimia ya shaba, unaoyeyuka kati ya 217 na 220 na ambao fedha huufanya ghali. Anayeuchagua ajue anachokikubali. Joto litapanda kwa nyuzijoto 35 hadi 45, pedi za bodi duni zitabanduka kwa urahisi zaidi, na kiungo kilicho kizima kitaonekana kimefifia, hivyo macho ya anayeanza yatakosa ile alama ya mng'ao inayomfundisha. Ni gharama inayolipika. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo ningeilipa bila kusita.

Mafundi simu wanazo pia pesti za lehemu za viwango mbalimbali vya joto la kuyeyukia, na ile ya nyuzijoto 138 huwavutia wengi kwa kuwa haichomi vijenzi. Hiyo ina bismuthi. Isikutane na lehemu yenye risasi, kwa sababu bati, risasi na bismuthi zikichanganyika huweza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 96 hivi, chini ya maji yanayochemka, na kijenzi kinachopata moto ndani ya kifaa kinaweza kujibandua chenyewe.

Baada ya waya ndipo pasi inapata nafasi yake, na maelezo yake yanakuwa mafupi kwa kuwa kazi yake sasa inajulikana. Inayofaa ni yenye kidhibiti cha joto, ya wati 60 hivi, iwekwe karibu na nyuzijoto 330 kwa waya wa 63/37. Wati hazina maana ya ukali wa joto bali wepesi wa kulirudisha pale shaba kubwa inapolinyonya. Ncha iwe bapa kama tindo ndogo. Ncha ya sindano huonekana ya kitaalamu lakini hugusa eneo dogo mno kupitisha joto. Ncha za siku hizi zimevikwa chuma juu ya shaba ili bati lisiile shaba hiyo, kwa hiyo anayeinoa kwa tupa, kama ilivyofanywa kwa pasi za zamani za shaba tupu, anaiua kwa mkono wake. Ifutwe kwa sponji lenye unyevu au nyuzi za shaba ya njano, na kabla ya kuzima ipakwe lehemu mpya ili hewa isiifikie.

Vilivyobaki kwenye orodha ya ununuzi ni vya kufutia makosa: pampu ya kunyonyea lehemu, alkoholi ya isopropili na brashi ya meno ya zamani kwa kusafishia, na utambi wa shaba. Utambi ni nyuzi nyembamba zilizosukwa ambazo hunywa lehemu iliyoyeyuka kama utambi wa kibatari unavyonywa mafuta ya taa, na ndio kifaa kinacholaumiwa bure kuliko vyote. Uliokaa miaka dukani hupoteza flaksi yake, shaba yake ikafifia, na hauwezi tena kunywa chochote hata ukibanwa na pasi mpaka bodi iungue. Utambi wa namna hiyo hauhitaji kutupwa. Saga kipande cha rozini, kiyeyushe ndani ya alkoholi ileile ya kusafishia, chovya utambi, uache ukauke. Hata nyuzi za shaba zilizovuliwa kutoka kwenye waya wa antena wa televisheni, zikiwa safi na zikisukwa pamoja na kuchovywa vivyo hivyo, zitaanza kunywa lehemu mara pasi itakapozigusa.